Mashine Ndani ya Mashine

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniandikia barua akiniomba nieleze, katika kurasa za Kiswahili, kazi ninayoifanya tangu nilipoondoka shuleni. Nimekubali kwa furaha kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yenyewe watu wengi hawaijui hata jina lake. Ya pili, nina deni katika shule hii, deni la maji, na wale waliokuwapo mwaka 2016 wanalikumbuka vizuri. Nitalieleza deni hilo mahali pake. Kwanza tusome.

Nafanya kazi katika karakana moja mjini Kampala, ambamo twaandika programu za mita za umeme. Mara nyingi twaanza kuandika mita zenyewe hazijafika. Zingali zatengenezwa ng'ambo, kisha zipakiwe melini hata Mombasa, na kutoka Mombasa zije kwa lori. Miezi mitatu au minne hupita. Je, tukae bure tukizingoja? La, hasha. Ndani ya kompyuta zetu za kawaida twaunda mita ya mwigo, mita isiyo na waya wala kifuniko, ila maandishi matupu. Programu tuliyoiandikia mita ya kweli twaitia ndani ya mita hiyo ya mwigo, nayo haina njia ya kujua kwamba haimo katika mita ya kweli. Inahesabu umeme, inakata, inarudisha, kama ilivyoagizwa. Tukiona kosa twalisahihisha. Siku mita za kweli zinapowasili, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Programu inayoigiza mashine kwa namna hii huitwa simuleta. Mimi katika makala haya nitaiita kompyuta ya mwigo, maana jina hilo linajieleza.

Nadhani msomaji atauliza: yawezekanaje mashine ikae ndani ya mashine nyingine, nayo haina mwili? Jibu lake ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe tunazozijua. Mwaka 1936 Mwingereza mmoja, Alan Turing, alionyesha kwa hesabu kwamba yaweza kuwako mashine moja ambayo, ukiiandikia maelezo ya mashine nyingine yoyote ya kuhesabu, itafanya kazi yote ya mashine hiyo. Yaani kwa kazi ya kuhesabu, mashine ni zile kanuni zake hasa. Mwenye kuzifuata kanuni hizo bila kukosea amekuwa ile mashine, awe wa chuma au awe mtoto wa shule mwenye kalamu.

Wala usinisadiki kwa maneno tu. Tuiunde moja sasa hivi.

KOMPYUTA YA KARATASI

Chukua karatasi, uchore visanduku 14, uviandike namba kutoka 00 hata 13. Pembeni chora kisanduku kimoja kikubwa, ukiite Kapu. Kisha weka kidole chako cha mkono wa kushoto juu ya kisanduku 00. Mashine yako imekwisha kuwa na viungo vyake vyote: visanduku ndiyo kumbukumbu, kapu ndipo mahali pa kufanyia hesabu, na kidole ndicho kinachoonyesha amri inayofuata.

Kila amri ina tarakimu tatu. Ya kwanza yasema la kufanya, na mbili zilizobaki zataja kisanduku. Kanuni ni hizi:

1: Soma namba iliyo katika kisanduku kilichotajwa, uiandike katika kapu. Iliyokuwamo uifute.
2: Soma namba ya kisanduku kilichotajwa, uijumlishe na namba ya kapu.
3: Soma namba ya kisanduku kilichotajwa, uitoe katika namba ya kapu.
4: Nakili namba ya kapu katika kisanduku kilichotajwa.
5: Kama kapu si sifuri, peleka kidole kwenye kisanduku kilichotajwa. Kama ni sifuri, endelea mbele.
000: Simama.

Baada ya kila amri kidole husogea kisanduku kimoja mbele, isipokuwa amri ya 5 imekipeleka kwingine. Sasa jaza visanduku vyako hivi:

00: 110
01: 211
02: 410
03: 112
04: 313
05: 412
06: 500
07: 000
08 na 09: vitupu
10: 0
11: 7
12: 3
13: 1

Haya, anza. Amri ya kwanza ni 110: soma kisanduku 10, andika katika kapu. Kapu ni 0. Ya pili ni 211: jumlisha kisanduku 11. Kapu ni 7. Ya tatu ni 410: nakili 7 katika kisanduku 10. Ya nne ni 112: kapu sasa ni 3. Ya tano ni 313: toa 1, kapu ni 2. Ya sita ni 412: kisanduku 12 sasa kina 2. Ya saba ni 500: kapu si sifuri, basi rudisha kidole kwenye 00, uanze tena.

Endelea mwenyewe mpaka kidole kifike penye 000. Ukiwa mwangalifu utafika huko kwa hatua 22, ukihesabu na ile ya kusimama, na katika kisanduku 10 utakuta 21. Nayo 21 ni 7 mara 3. Tazama ajabu yake: katika kanuni zetu hakuna kanuni ya kuzidisha hata moja, lakini mashine imezidisha. Tena mdogo wako wa darasa la tatu, asiyejua umeiandikia nini mashine hii, angeweza kukaa mahali pako akafuata kanuni, akapata jibu lile lile.

Sasa swali la maana. Katika mchezo huu, kompyuta ilikuwa nani? Ni wewe. Basi tukuondoe wewe, tuweke programu. Programu hiyo yahitaji kukumbuka vitu vitatu tu: orodha ya namba 14, namba moja ya kapu, na namba moja ya kidole. Kisha irudie mambo matatu bila kuchoka: isome amri iliyo chini ya kidole, ifasiri maana yake, itende. Isome, ifasiri, itende, mpaka ikute 000. Hiyo ndiyo kompyuta ya mwigo kamili. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika programu kwa muhula mmoja aweza kuiandika kwa jioni moja. Zile za kweli zimeizidi hii kwa wingi wa amri na visanduku, lakini njia ni ile ile.

FAIDA ZAKE

Kompyuta ya mwigo ina faida nne zinazonifanya niipende.

Kwanza, waweza kuanza kazi kabla mashine ya kweli haijakuwako. Pili, waweza kuisimamisha wakati wowote ukatazama kila kisanduku. Mashine ya kweli haikupi nafasi hiyo. Mambo yake hupita upesi mno, tena yamo ndani ya kipande kidogo cha silikoni usichoweza kukifungua ukachungulia. Tatu, kosa lililotokea mara moja waweza kulirudia mara mia katika hali ile ile, ukalifuata hata ukalikamata. Nne, waweza kuitia mashine katika taabu kwa kusudi: ukate umeme, uharibu waya, uifurike kwa maji, na baadaye usilipe hata shilingi moja.

Hasara yake iliyo wazi ni kwamba ni pole. Amri moja ya mashine inayoigwa huhitaji amri nyingi za mashine inayoiga, kama vile wewe ulivyohitaji kusoma, kufikiri na kuandika ili utende amri moja ya karatasi. Ina na hasara nyingine isiyo wazi, na hiyo ndiyo iliyonipatia deni langu. Lakini kabla ya hapo nitaje watu wawili watatu waliotangulia katika njia hii.

PROGRAMU ILIYOFUMWA KAMA NGUO

Wamarekani walipojitayarisha kupeleka watu mwezini, kompyuta ya kuongoza chombo ilibuniwa katika maabara ya chuo cha MIT, katika jimbo la Massachusetts. Ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya maneno 36,864 na ya kufutika ya maneno 2,048. Simu ya mkononi ya bei ndogo siku hizi yaizidi mara nyingi sana. Lakini sikia namna programu ilivyoandikwa ndani ya ile kumbukumbu ya kudumu. Ilifumwa. Mafundi wanawake kiwandani walipitisha waya nyembamba kwa sindano katika vipete vidogo vya sumaku: waya uliopita ndani ya kipete ulikuwa 1, uliopita nje ulikuwa 0. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi, na kosa likiisha kufumwa halifutiki kwa kidole.

Kwa hiyo ilikuwa sharti programu ijaribiwe kabla haijafumwa. Waandishi wake waliiigiza ile kompyuta ndani ya kompyuta kubwa za ardhini, kwanza ya Honeywell na baadaye ya IBM. Hawakuiigiza kompyuta peke yake. Waliigiza pia chombo chenyewe, na injini zake, na mvutano wa mwezi, hata programu ikawa yasafiri mwezini kila siku bila kutoka chumbani.

Tarehe 5 Februari 1971 mwigo ulisaidia kuokoa safari nzima. Chombo cha Apollo 14 kilikuwa kikizunguka mwezi, Alan Shepard na Edgar Mitchell wakijitayarisha kushuka, mara ikaonekana kwamba swichi ya kukatisha safari yatoa ishara ya uongo. Kama ishara hiyo ingetokea wakati wa kushuka, kompyuta ingedhani imeamriwa kurudi juu, na mwezi wasingeukanyaga. Kijana mmoja mwandishi wa programu, Don Eyles, alibuni namba za kuingiza kwa mkono ili kompyuta isiisikilize swichi ile. Zilijaribiwa katika mwigo ardhini, kisha zikasomwa kwa redio, na Mitchell akazibonyeza moja moja. Yote hayo yalitendeka kwa muda wa saa chache tu. Siku ile ile walitua salama.

Mfano wa pili. Mnamo Januari 1975 gazeti moja la mafundi wa Marekani lilitangaza kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800, yenye prosesa ya Intel 8080. Vijana wawili, Paul Allen na Bill Gates, walitaka kuiandikia lugha ya BASIC, lakini Altair yenyewe hawakuwa nayo, wala hawakupata kuiona. Allen alisoma kitabu cha maelezo ya prosesa ile, akaandika mwigo wake ndani ya kompyuta kubwa ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Gates aliandika BASIC pamoja na rafiki yao Monte Davidoff, wakaijaribu ndani ya mwigo kwa majuma kadhaa. Ndipo Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque kwa wenye Altair, na mkononi ana utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Ndege ilipokuwa karibu kutua alishtuka. Wamesahau kuandika ile programu fupi ya kuiambia Altair namna ya kuusoma utepe! Na mimi naona sababu ya kusahau kwao. Ndani ya mwigo, BASIC ilikuwa ikitiwa katika kumbukumbu na ile kompyuta kubwa. Jambo la kusoma utepe halikupata kuhitajika. Aliiandika papo hapo ndegeni. Kesho yake aliiingiza kwa swichi za mbele ya mashine, akaulisha utepe, akaiuliza Altair 2 na 2 ni ngapi. Ikajibu 4. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza programu ile kukutana na mashine ya kweli. Katika mwaka ule ule Allen na Gates wakaanzisha shirika lao la Microsoft.

Msomaji aliweke moyoni jambo hili la utepe. Mwigo ulikuwa sawa kabisa. Kilichosahauliwa ni kile ambacho mwigo haukukihitaji.

DENI LA MAJI

Sasa nafika kwangu. Mwaka 2016 nalikuwa kidato cha tano. Shule yetu, kama mjuavyo, iko juu ya kilima na kisima kiko bondeni. Wakati ule mzee wa pampu alikuwa akiiwasha na kuizima kwa mkono. Usiku mwingine maji yalifurika, asubuhi nyingine tangi likawa tupu. Sisi wanafunzi wanne tulijitolea kutengeneza kompyuta ndogo ya kuiendesha pampu. Mwalimu wetu wa fizikia akakubali, na Bwana Mkuu wa Shule akatupa fedha kidogo ya kununua kibao kimoja, relei moja na swichi moja ya boya.

Kibao kilikuwa kimoja na sisi tulikuwa wanne, basi nikaandika tangi la mwigo katika kompyuta ya maktaba. Hesabu zake zilikuwa nyepesi. Sakafu ya tangi letu ni mita 8 za mraba, basi kila sentimita moja ya kina ni lita 80. Pampu yaleta lita 80 kwa dakika, basi maji hupanda sentimita moja kila dakika ikiwa hakuna anayechota. Nikaweka saa za kuoga, saa za jikoni na saa za kufua. Kila baada ya robo saa ya mwigo programu ilikadiria kina cha maji, ikatazama boya: likiwa chini washa pampu, likiwa juu zima.

Niliendesha siku 200 za mwigo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Tangi halikukauka hata mara moja, wala halikufurika. Nikachapa matokeo, nikayabandika ubaoni mbele ya bwalo. Nakiri kwamba nilipita pale mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

Jumamosi tukafunga mashine ya kweli. Jioni ile, wakati wa kuoga, relei ikaanza kulia tatata, tatata, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Maji yaliyoanguka kutoka bomba la juu yalifanya mawimbi katika tangi. Boya likapanda na kushuka juu ya mawimbi, na kila liliposhuka pampu iliwashwa, na kila lilipopanda ilizimwa. Mota ya umeme wa namna ile, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara tano hata saba ya ule inaouvuta ikiisha kukolea. Kuanza mara moja si neno. Kuanza mara kadhaa kila dakika kwa muda wa saa nzima ni kuiua. Tulipofika bondeni tulikuta moshi, na harufu ya waya uliokwisha kuungua.

Siku tisa shule haikuwa na pampu. Tulichota maji kijitoni kwa madumu, shule nzima, asubuhi na jioni, nayo ilikuwa juma la mitihani. Wadogo wa kidato cha kwanza walipanda kilima kile wakibeba dumu la lita kumi kila mmoja. Mmoja wao aliteleza penye ngazi za mawe, akateguka kifundo cha mguu, akafanya mtihani wake wa hesabu akiwa amekiweka mguu juu ya kiti. Hakuna aliyenilaumu usoni. Naona ingalikuwa afadhali wangalinilaumu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwomba radhi mzee wa pampu. Alinisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi siku zote huzima bomba, nikangoja maji yatulie, ndipo nikayapima kwa fimbo. Maji yanayoingia husema uongo." Miaka kumi na minne alikuwa akilijua jambo lile. Sisi tulipita mlangoni pake kila siku tukichukua vipimo, wala hatukumwuliza hata neno moja. Kuuliza si ujinga, twaambiwa tangu utotoni. Ujinga ulikuwa kutouliza.

Nikarudi maktaba, nikautazama mwigo wangu upya. Nikaona makosa mawili. La kwanza, maji yangu yalikuwa kimya kama kioo. La pili ni baya zaidi: mwigo wangu ulikuwa ukifumba jicho robo saa nzima. Katika robo saa maji ya mwigo yaliruka sentimita 15 kwa mara moja, na mawimbi ya sentimita tatu nne yangeonekanaje? Tena pampu haikuweza kugeuka zaidi ya mara moja kwa robo saa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuiruhusu. Ile siha njema niliyoibandika ubaoni ilikuwa siha ya tangi lisilokuwako duniani.

Nikautengeneza upya. Sasa ulitazama kila sekunde, na mawimbi nikayatia. Mara moja, katika jioni ya kwanza ya mwigo, relei ikageuka zaidi ya mara 300 kwa saa moja. Ugonjwa ule ule ulioua pampu sasa ulikuwa mbele yangu juu ya kioo, wala hapakuwa na moshi. Hapo ndipo tulipoutafutia dawa. Tuliweka maboya mawili badala ya moja, la chini na la juu, yakiachana kwa sentimita 40: pampu yawashwa maji yanapofika chini ya lile la chini, na haizimwi mpaka yafike lile la juu. Mawimbi ya sentimita nne hayawezi kuruka sentimita 40. Tena tukaongeza kanuni kwamba pampu ikizimwa ipumzike dakika kumi kabla ya kuwashwa. Kisha, ndani ya mwigo, nikaanza kuharibu vitu kwa kusudi. Nikakata waya wa boya, nikaona pampu yaendelea bila kukoma. Basi tukabadili namna ya kufunga waya, hata waya uliokatika ukawa sawa na kusema "tangi limejaa", na pampu ikasimama.

Safari hii, kabla ya kufunga, tulimwita mzee wa pampu maktaba. Akakaa mbele ya kompyuta akauliza maswali: Umeme ukikatika na kurudi, je? Chura akikaa juu ya boya, je? Tukacheka, lakini chura naye tukamtia katika mwigo. Mashine ile ingali yaendesha pampu mpaka leo.

KANUNI NILIYOJIFUNZA

Naliona kosa langu kuwa la kitoto, mpaka niliposoma habari za roketi ya Ariane 5. Iliruka mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, na kabla ya dakika moja kwisha ilikuwa imepasuka angani. Chombo cha kupima mwendo kilitumia programu iliyotoka katika Ariane 4, roketi iliyokuwa na njia nyingine ya kupanda. Namba moja ilikua kupita kiasi, haikuenea katika biti 16 ilizopewa, ambazo hazichukui zaidi ya 32,767, na chombo kikazimika. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba katika majaribio makubwa ya ardhini chombo kile cha kweli hakikuwekwa. Programu ya mwigo ndiyo iliyokaa mahali pake. Yaani kitu kilichokuwa na kosa ndicho hasa kilichoondolewa mtihanini.

Basi kanuni ni hii. Mwigo hukujibu yale tu uliyouliza, na huijua dunia kwa kadiri ile ile uliyoifahamu wewe ulipouandika. Ukifaulu ndani yake, usiseme, "Mashine yangu ni nzima." Sema, "Mashine yangu ni nzima katika dunia niliyoiandika." Kisha uwaendee wale wanaoijua dunia ya kweli, uwaulize ni kitu gani umekisahau. Kazini kwangu leo, kabla hatujaiandikia mita yo yote mwigo, twakaa siku moja na mafundi wanaopanda nguzo.

Wadogo zangu, msidhani kwamba kazi hii yahitaji vyombo vya fedha nyingi. Iko programu ya bure iitwayo QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, ambayo yaweza kuigiza kompyuta za aina nyingi ndani ya moja. Simu ya mwigo ya Android, wanayoitumia waandishi wa programu za simu, imejengwa juu yake. Kompyuta moja kuukuu ya maktaba yaweza kuwa mashine kumi. Na pasipo kompyuta, ipo karatasi.

Nanyi wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni, mkipita nyumbani ingieni maktaba, mkawaonyeshe vijana makosa yenu pamoja na vyeti vyenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kompyuta ya karatasi, weka 12 katika kisanduku 11, na 5 katika kisanduku 12. Jibu ni nini, na hatua ni ngapi mpaka kusimama?

2. Rudisha namba za mwanzo. Kisha, kwa bahati mbaya, mwandishi ameandika 501 badala ya 500 katika kisanduku 06. Mashine itasimama, lakini kisanduku 10 kitakuwa na nini? Kosa limeingia katika hatua ya ngapi?

3. Kisanduku 12 kikianza na 0, kutatokea nini? Kwa nini ni heri kuligundua jambo hili kwa kalamu kuliko kwa pampu?

4. Wataka kutengeneza mashine ya kuangulia vifaranga. Taja mambo matano utakayoyatia katika mwigo wake. Kisha mwendee mtu afugaye kuku, umwulize la sita.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza mwaweza kuyasahihisha wenyewe kwa kidole na kapu. La nne nitafurahi kulisoma. Mpelekeeni Mhariri, naye atanifikishia.